Mfupa wa Mkia na Neno "Ili"

Daftari langu la biolojia la sekondari bado ninalo. Kuna ukurasa wenye sentensi ambayo mwalimu wetu alitusomea kwa Kifaransa, nasi tukainakili neno kwa neno. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi: pigostili ni mfupa wa mwisho wa mkia, ulioundwa na pingili zilizoungana ili ndege ashike manyoya ya mkia na kuruka. Kwenye mtihani niliirudisha vilevile, nikapata alama zote. Leo mimi mwenyewe nasomesha biolojia hapa Lubumbashi, na kila mwaka nikifika kwenye somo hilo kuna neno dogo linalonikwama. Ni hilo "ili".

Mfupa wenyewe ni rahisi kuuona. Nunua kuku kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, mchemshe mpaka nyama iachie, kisha chukua kile kipande cha nyuma chenye mafuta, mukila kama tunavyosema nyumbani. Ukiondoa nyama utakuta pingili chache za uti wa mgongo zinazochezacheza, na mwishoni kabisa kimfupa bapa kilichosimama wima, chenye umbo la jembe la kukokotwa na ng'ombe. Kimfupa hicho ni pingili kadhaa zilizogandana zikawa kitu kimoja. Kila upande wake kuna misuli na mafuta yanayoshika mashina ya manyoya makubwa ya mkia, na misuli ikivuta, manyoya hufunguka kama upepeo.

Anayetaka kuona kazi ya mfupa huo ainue macho mchana wa kiangazi. Mwewe anayezunguka juu ya mabanda ya nyama hapigi mabawa sana. Anaupinda mkia, upande mmoja chini na mwingine juu, na mwili mzima unageuka. Mkono unaoshika usukani huo ni pigostili. Kwa hiyo sibishani na wanaosema kwamba mfupa huu humsaidia ndege angani. Ninachobishana nacho ni hatua inayofuata, ya kusema kwamba ulitokea kwa sababu hiyo.

Mwaka 1994, kwenye jangwa la Gobi nchini Mongolia, mahali paitwapo Bugin Tsav, watafiti walichimbua mifupa ya dinosaria mdogo. Kichwa hakikupatikana, ila mkia ulikuwepo. Ulikuwa na pingili 24, na 5 za mwisho zilikuwa zimeungana kuwa mfupa mmoja. Mwaka 2000 Rinchen Barsbold na wenzake walimtangaza kwa jina la Nomingia gobiensis, wakasema wazi kwamba huyu ndiye dinosaria wa kwanza asiye ndege (maana ndege nao ni tawi la dinosaria) kuonekana na pigostili. Aliishi karibu miaka milioni 70 iliyopita. Alikuwa wa jamii ya oviraptorosauri, wanyama wa miguu miwili wenye manyoya na mdomo mfupi kama wa kasuku, na hakuwa mnyama wa kuruka. Mwaka 2021 Gregory Funston na wenzake walipendekeza kwamba Nomingia ni yule yule Elmisaurus, aliyepewa jina mwaka 1981. Wakishinda hoja hiyo jina litabadilika, lakini pingili 5 zitabaki zimeungana.

Mwanafunzi mwerevu ataniuliza mara moja kama babu zake Nomingia hawakuwa wanaruka. Mbuni haruki, ila ametokana na ndege walioruka. Swali hili ni zuri na wataalamu wamelibishania kwa dhati. Mwaka 2002 Teresa Maryańska, Halszka Osmólska na Mieczysław Wolsan waliandika kwamba oviraptorosauri wote ni ndege waliopoteza uwezo wa kuruka. Ingekuwa hivyo, "ili" ya daftari langu ingepona. Nomingia angekuwa na usukani uliobaki baada ya kuruka kwenyewe kutupwa.

Kinachonizuia kukubali ni Caudipteryx. Huyu alielezwa mwaka 1998 kutoka mkoa wa Liaoning, kaskazini mashariki mwa China, kwenye mawe ya karibu miaka milioni 125. Alikuwa na ukubwa wa bata mzinga, na tumboni mwake zilikutwa changarawe kama zile tunazozikuta kwenye firigisi ya kuku. Ncha ya mkia wake ilikuwa na upepeo wa manyoya mapana. Naye ni oviraptorosauri, wa zamani kuliko Nomingia kwa zaidi ya miaka milioni 50. Lakini pingili za mkia wake hazijaungana. Kama babu wa jamii alikuwa amekwisha kuziunganisha kwa kuruka, huyu wa mapema angetakiwa awe nazo zimeungana. Hana. Mfupa uliungana baadaye, ndani ya jamii yao wenyewe, na wengi wa wataalamu leo wanawaweka oviraptorosauri nje ya kundi la ndege.

Wala hawakuwa peke yao. Beipiaosaurus, aliyetangazwa mwaka 1999 na Xu Xing na wenzake kutoka Liaoning hiyo hiyo, ni wa ukoo mwingine kabisa, therizinosauri, wanyama wazito wenye makucha marefu ya mikono. Mwaka 2003 Xu na wenzake walionyesha kwamba naye ana mfupa unaofanana na pigostili mwishoni mwa mkia. Ukimwona Beipiaosaurus kwenye michoro, wazo la kuruka halikujii hata kidogo.

Sasa tazama upande wa pili. Archaeopteryx wa Ujerumani, mwenye karibu miaka milioni 150, alikuwa na mabawa ya manyoya kamili na mkia mrefu wa pingili zaidi ya 20 zilizoachana, kama wa mjusi. Jeholornis wa China, ndege kwa vipimo vyote, naye alikuwa na mkia mrefu wa mifupa, na manyoya yamepangwa ncha yake na tena karibu na shina. Kwa hiyo tuna wenye mabawa wasio na pigostili, na wenye pigostili wasio na mabawa ya kuwarusha. Nikiwachorea wanafunzi hali hiyo ubaoni kwa safu mbili, hawahitaji maelezo marefu. Kitu kinachopatikana pasipo kuruka na kukosekana penye kuruka hakiwezi kuelezwa kwa kuruka peke yake.

Hata ndani ya ndege wenyewe habari haikunyooka. Confuciusornis, ndege wa kale wa China aliyepewa jina mwaka 1995, alikuwa na pigostili ndefu kama fimbo, lakini upepeo wa manyoya hakuwa nao. Baadhi yao walikuwa na manyoya mawili marefu kama utepe yakining'inia nyuma, na wengine hawakuwa na kitu. Aliyeisogeza mbele habari hiyo ni Mwafrika, Anusuya Chinsamy wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 2013 yeye na wenzake walikuta ndani ya mfupa wa Confuciusornis asiye na tepe ile tishu ya pekee ambayo ndege jike hujiwekea wakati wa kutaga, akiba ya kalsiamu kwa ajili ya maganda ya mayai. Asiye na tepe alikuwa jike. Mtu wa Lubumbashi hahitaji kwenda China kuelewa maana yake. Fumbwe dume, akishapata nguo yake ya msimu wa kuzaana, huburuta manyoya marefu meusi yanayozidi mwili wake wote, na majike wake ni wadogo, wa rangi ya udongo, wenye mkia wa kawaida. Yale manyoya yanamchosha kuruka. Anayabeba kwa sababu jike anayatazama.

Hapo ndipo wazo la kujipamba linapoingia, na ni wazo lenye nguvu. Scott Persons, akishirikiana na Philip Currie na Mark Norell, alipima mikia ya oviraptorosauri katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Pingili za karibu na nyonga zilikuwa fupi na nyingi, kwa hiyo mkia uliweza kupinda huku na huku kuliko mikia ya dinosaria wengi. Alama za misuli zilikuwa kubwa. Mwishoni mkia ulikuwa mgumu, na kwa wale ambao manyoya yao yamehifadhiwa, upepeo ulikuwa hapo hapo. Ni mkono wenye nguvu ulioshika pepeo. Wakahitimisha kwamba wanyama hawa walitingisha mkia wao mbele ya wenzao, kama tausi.

Nikisoma hayo ninamkumbuka tausi wetu. Mwaka 1913, huko Ituri, kaskazini mashariki mwa Kongo, Mmarekani mtaalamu wa ndege James Chapin alichukua unyoya mmoja kutoka kwenye kofia ya manyoya, unyoya ambao hakuweza kuuhusisha na ndege yeyote aliyemjua. Aliutunza miaka 23. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, aliona ndege wawili waliojazwa pamba, wamewekwa kando na kuandikwa kimakosa kwamba ni tausi wa kawaida wachanga. Unyoya wake ulikuwa wao. Hivyo ndivyo ulimwengu wa sayansi ulivyompata Afropavo congensis, tausi wa Kongo, ambaye haishi porini katika nchi nyingine yoyote. Hana lile vazi refu la tausi wa India, lakini dume hufungua mkia wake mfupi mweusi mbele ya jike. Watoto wetu wanajua tausi wa kwenye vitenge, na huyu wa msitu wao hawamjui. Jambo hilo linaniuma, nami nalisema kila ninapopata nafasi.

Basi tufute "ili aruke" tuandike "ili ajipambe"? Wengi wameridhika hapo. Mimi siridhiki. Kwa oviraptorosauri nakubali kwamba kujipamba kulikuwa kazi ya mkia ule, tena nakubali kuliko maelezo mengine yote niliyosoma. Lakini "ili" ni ile ile, imevaa shati jipya. Bado tunachukua kazi ya mwisho na kuifanya kuwa chanzo. Mbaya zaidi, Beipiaosaurus anaivuruga. Manyoya yaliyohifadhiwa kwake ni ya nyuzinyuzi, mengine marefu na mapana kidogo, na upepeo wa manyoya mapana kama wa Caudipteryx hakuonekana nao. Mfupa wa kushikia upepeo upo, upepeo haupo. Wakati huo huo Caudipteryx anao upepeo na mfupa hana.

Historia ya jamii hii inatuonya jinsi "ili" inavyoweza kumchafulia mnyama jina. Mwaka 1923 msafara wa Wamarekani ulikuta Gobi mifupa ya dinosaria juu ya kiota cha mayai. Mwaka uliofuata Henry Fairfield Osborn akampa jina Oviraptor, mwizi wa mayai. Yuko juu ya mayai, basi yuko hapo ili ayale. Osborn mwenyewe alitahadharisha kwamba jina hilo huenda likapotosha, na kweli likapotosha kwa miaka 70. Mwaka 1993, mahali paitwapo Ukhaa Tolgod, huko huko Gobi, ndani ya yai la aina ile ile, kilikutwa kijusi cha oviraptorosauri. Baadaye wakapatikana wengine wamekufa wakiwa wameatamia, mikono imefunika mayai pande zote mbili. Mzazi alikuwa ameitwa mwizi kwa miaka yote hiyo.

Mtazamo ninaouona wa uaminifu zaidi unaanzia kwenye jinsi mkia unavyojengwa. Mwaka 2014 Dana Rashid na wenzake walipitia mabadiliko ya jeni yanayofupisha mikia ya panya wa maabara, wakaona kwamba mengi ya mabadiliko hayo huunganisha pingili vilevile. Panya hana unyoya wala jike wa kumtingishia upepeo. Badiliko moja katika ujenzi wa uti wa mgongo linaweza kuleta mambo mawili kwa pamoja, mkia kufupika na ncha kugandana. Likishatokea, kinachobaki ni kama mnyama anaweza kuishi nalo, na kama kuna kazi ya kulipa. Mmoja akaweka upepeo wa kuringia, mwingine usukani wa angani. Kigong'ota, vizazi vingi baadaye, aliupanua mfupa huo huo akaufanya nguzo ya kujiegemeza kwenye gogo.

Na kufupika kwenyewe kulikuwa na gharama. Dinosaria wengi wa miguu miwili walitembea kwa msaada wa msuli mkubwa uliotoka mkiani kwenda kwenye mfupa wa paja. Mkia uliposinyaa, msuli huo ulisinyaa nao. Huko Chile, Bruno Grossi na wenzake walilea vifaranga kwa kuwafunga mkia wa bandia, wakirekebisha uzito wake kadiri walivyokua. Matokeo yao ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba kuku hao walisimamisha mapaja wima zaidi na kutembea kwa kusukuma kutoka nyongani, tofauti na kuku wa kawaida anayetembea kwa kukunja goti. Kila nikiona kuku akikatiza uani na ule mwendo wake wa magoti, ninaona mkia aliopoteza.

Wapo wanaosema neno pigostili libaki kwa ndege tu, na kwa dinosaria wengine tuseme "mfupa unaofanana na pigostili". Ninaelewa hofu yao, kwamba jina moja litawafanya watu wadhani asili ni moja. Lakini Kiswahili kimetuzoeza jambo hili. Tuna paa la nyumba, paa wa porini, na kupaa angani. Hakuna mtoto wa Katanga anayedhani paa wa porini amefunikwa mabati. Jina moja linavumilika, mradi mwalimu aseme kwamba pingili zimeungana zaidi ya mara moja, katika koo tofauti.

Hatari halisi iko pengine, kwenye kutumia mfupa huu kama cheti cha utambulisho. Mwaka 2015 Xing Lida, mtafiti wa China, alikuta kwenye soko la kaharabu, yaani utomvu wa miti uliogeuka jiwe, la Myitkyina, kaskazini mwa Myanmar, kipande cha karibu miaka milioni 99 ambacho wauzaji walidhani kina mmea ndani. Kilikuwa kipande cha mkia wenye manyoya, na ndani yake pingili zisizopungua 8. Katika makala ya Desemba 2016, yeye na wenzake walisema ni mkia wa dinosaria asiye ndege, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba pingili zile hazikuungana kuwa fimbo wala pigostili. Naamini hukumu yao ni sahihi, kwa sababu hawakuegemea hapo tu. Mkia ulikuwa mrefu na mwembamba, wa kujipinda, na walikadiria kwamba mzima wake ulikuwa na pingili zaidi ya 25. Ingekuwa ni kuungana peke yake, nisingewaamini.

(Kaharabu ile hutoka jimbo la Kachin, kwenye machimbo yanayogombaniwa kwa bunduki. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo kiliyaomba majarida yasitishe kuchapisha tafiti za kaharabu mpya kutoka huko. Mkongomani anayejua safari ya madini ya koltani anaelewa ombi hilo kabla halijaelezwa. Mimi naliunga mkono, hata kama litatunyima mkia mwingine mzuri kama ule.)

Sababu ya kutoamini kuungana kwa pingili peke yake ni kifaranga. Rashid na wenzake walirudi mwaka 2018 na kazi nyingine, safari hii juu ya ukuaji wa mkia wa ndege, wakaonyesha kwamba pigostili huundwa baada ya kuanguliwa. Kifaranga hutoka kwenye yai akiwa na pingili zilizoachana, na huungana kadiri anavyokua. Maana yake ni kwamba kisukuku cha ndege mchanga kinaweza kusomwa kama mnyama wa kale mwenye mkia wa mpito, kumbe ni mtoto tu aliyekufa mapema.

Wanafunzi wangu hunilalamikia kwamba mifano yote hii ni ya China na Mongolia. Nawajibu kwa jiolojia. Mawe ya shaba tuliyojengewa juu yake, ya matabaka yaitwayo Roan, Nguba na Kundelungu, yaliwekwa kati ya takriban miaka milioni 880 na 500 iliyopita. Karibu yote yalikuwa yamekwisha kuwa mawe kabla kiumbe chochote hakijawa na uti wa mgongo wa mfupa. Ukichimba Lubumbashi utapata malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, dinosaria hutampata. Hata hivyo dinosaria aliye hai yuko kila uani, na mwaka huu niliamua kumtumia.

Jirani alipopoteza kifaranga wake wa siku chache kwa baridi ya Juni, nilimwomba anipe. Jumapili hiyo sisi wenyewe tulikula kuku mzee na bukari, ugali wetu. Nikatenga mikia miwili, nikaichemsha kila mmoja kwenye sufuria yake, nikaisafisha kwa mswaki wa zamani na kuianika dirishani juu ya gazeti. Jumatatu niliipeleka darasani ndani ya masanduku mawili ya kiberiti. Wa kifaranga ulikuwa vipande vilivyotawanyika, vidogo kama punje za ulezi, na tulipoteza kimoja chini ya dawati la mbele. Wa kuku mzee ulipita mkono kwa mkono mpaka nyuma ya darasa, na kijana mmoja mwenye nguvu alijaribu kuutenganisha kwa vidole. Haukuachana.